Mgeni wa Siku Thelathini na Moja

Nchi yenyewe ipo, ila msisumbuke kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake huchapishwa na Wizara ya Maana, na toleo la mwisho lilirudishwa kiwandani kwa sababu bahari ilionekana kubwa kuliko Ikulu. Watu wake ni wapole, huamka mapema, na habari zao wenyewe huzisikia redioni.

Zamani, katika nchi hiyo, hakuna aliyegombania maana ya mtoto mchanga. Kamusi ya wakati huo, ile yenye jalada la kijani, ilisema ni mtoto aliyezaliwa karibuni, basi, ikaendelea na neno linalofuata. Watu walilitumia bila kuomba kibali. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga mtu alisema, "Jamani mpisheni huyo, ana mtoto mchanga nyumbani," na foleni ikafunguka, hata wale wenye midomo mirefu wakanyamaza. Na aliyekwenda kumtazama mzazi hakuingia moja kwa moja akitoka juani. Alikaa kwanza barazani, akapoa, akapunguza sauti, ndipo akapiga hodi. Joto la njiani halipelekwi kwa mtoto mchanga.

Siku ya arobaini mtoto alitembezwa. Bibi yake alimbeba ndani ya kanga mpya akamwonyesha dunia, kitu kimoja kimoja: "Hiki kizingiti, usijikwae. Hili jiko, lina moto. Huyu jirani yetu, maneno mengi lakini moyo wake mzuri." Na kila aliyeonyeshwa aliitikia, "Karibu, ukae." Kabla ya siku hiyo wazee walimwita mtoto mgeni, kwa mahaba tu, kwa vile bado hajaijua nyumba.

Tatizo lilikuwa moja, nalo ni kwamba watoto hao walikuwa wanakufa. Hawakufa kwa nia ya kuiaibisha serikali, ingawa hivyo ndivyo ripoti ilivyoandikwa. Walikufa kwa homa, kwa kukosa pumzi, kwa umeme kukatika, kwa mkunga mmoja kuachiwa wazazi kumi na wanne. Mashirika ya nje yakawahesabu, yakaichapisha hesabu, na Mheshimiwa Mlezi Mkuu wa Taifa akaisoma akiwa kwenye kiti cha kinyozi. Inasemekana alisikitika mpaka kinyozi akaweka mkasi chini.

Sikukuu ya Taifa ilipofika alipanda jukwaani akanguruma: "Ndugu wananchi! Kuanzia sikukuu ijayo, katika nchi hii, chini ya ulezi wangu, ni marufuku mtoto mchanga kufa!" Uwanja mzima ukasimama. Miongoni mwa waliosimama alikuwako Mashavu, msichana wa cherehani, mshona sare za shule, ambaye siku hizo alikuwa hajaolewa bado. Alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Kazi ikagawiwa. Wizara ya Afya iliomba wakunga mia tatu, mitungi ya oksijeni na jenereta. Wizara ya Maana iliomba karatasi moja. Baraza la Mawaziri halikuona haja ya kubishana.

Karatasi ilisema hivi: "Mtoto mchanga ni mtoto aliyetimiza siku arobaini na akatembezwa kwa mujibu wa mila zetu tukufu. Asiyetembezwa ni mgeni. Mgeni hafi, mgeni hurejea." Waziri wa Maana akafafanua redioni kuwa serikali haikuzua kitu, imewaheshimu wazee tu. Wazee wenyewe waliulizwa maoni baada ya sheria kupita, na wote walioulizwa walikubali.

Mwaka uliofuata hakufa mtoto mchanga hata mmoja. Wachache waliokufa baada ya arobaini waligundulika, kwa uchunguzi wa kina, kuwa hawakutembezwa vizuri. Nishani ikaja kutoka ng'ambo, ya dhahabu, yenye picha ya mtoto mnene wa nchi nyingine.

*

Mashavu aliolewa na Ngwali, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, na siku ya saba akaitwa Faki, jina la babu yake. Siku hiyohiyo mtaa ukaacha kumwita mamake Mashavu, akawa Mama Faki. Alilipenda jina hilo kuliko nguo yoyote aliyowahi kuishona. Mtu akiita "Mama Faki!" njiani, aligeuka taratibu makusudi, ili aitwe tena.

Faki alikuwa na desturi moja: hakunyonya mpaka amekishika kidole gumba cha mamake, na akishakishika hakukiachia hata akisinzia. Mashavu alijifunza kupika, kufagia na kufunga kanga kwa mkono mmoja.

Siku ya thelathini na moja mwili wa mtoto ukawaka. Mashavu na mama mkwe wake, Bi Kirembo, wakamkimbiza hospitali. Wodi ya watoto wachanga ilikuwa wazi, vitanda ishirini vimetandikwa shuka nyeupe bila mtu hata mmoja, maana asubuhi ile walikuja kuipiga picha za kalenda. Muuguzi akamfunua Faki uso.

"Ana siku ngapi, mama?"

"Thelathini na moja."

Muuguzi akarudi nyuma hatua moja. "Huyu bado mgeni. Wodini siwezi kumwingiza, nitafukuzwa kazi. Wageni hupokelewa mapokezi."

"Binti yangu, mtoto hapumui," alisema Bi Kirembo. "Mpe hewa tu. Hewa haiulizi mtu siku zake."

Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Macho yalimwiva. "Mitungi imechukuliwa yote, bibi. Imepelekwa uwanjani kujazia maputo. Kesho si ndiyo Sikukuu ya Watoto Wachanga."

Wakakaa kwenye benchi la mapokezi, chini ya picha kubwa ya Mlezi Mkuu akimbusu mtoto shavuni. Saa sita na robo mchana, vidole vya Faki vilikiachia kidole gumba cha mamake. Mashavu akakirudisha kidole palepale, akavikunja vidole vile juu yake, vikafunguka tena. Ndipo akaanza kumwita. Hakuwa amemwita kwa jina mara nyingi, siku zote alimwita "we baba" na "we mtu wangu", jina alimwekea akiba mpaka akue. Basi akaliita lote pale kwenye benchi, mpaka mlinzi akaja kuwaomba wapunguze sauti.

*

Katika mji ule watoto wachanga walizikwa mikoroshoni, nyuma ya msikiti, mahali penye kivuli, na kila Ijumaa mama zao walikwenda na kata za maji. Kuzikwa hapo kulihitaji kibali chenye maneno mawili: mtoto mchanga. Wageni waliorejea walizikwa ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wenye senyenge, chini ya vijiti vyenye namba. Mashavu alitaka maneno hayo mawili. Hakutaka kingine chochote kwa serikali, wala kumshitaki mtu.

Dirishani mwa Ofisi ya Maana alikaa Bwana Mtumweni, karani mwandamizi, mtu safi, kalamu tatu mfukoni na kitambaa mezani cha kufutia muhuri.

"Karibu, mama. Kwa niaba ya Wizara, nakushukuru kwa ukarimu uliomfanyia mgeni wa taifa kwa muda wa siku thelathini na moja."

"Nimefiwa, Bwana."

"Umeondokewa," Bwana Mtumweni alimsahihisha kwa upole. "Kufiwa kuna fomu nyingine."

"Niandikie mtoto mchanga, baba. Nataka azikwe na wenzake, nijue alipo."

"Ningefurahi sana, ila mgeni kisheria..."

"Alikuwa ananyonya!" Mashavu akafungua kanga mbele ya dirisha. "Mgeni gani anayenyonya? Haya maziwa yanayolowesha gauni langu saa hizi, ni ya mgeni?"

Bwana Mtumweni akalitazama gauni, kisha akaitazama fomu. Fomu haikuwa na nafasi ya maziwa. Akageuza upande wa pili kuhakikisha, na huko nako hakukuwa na nafasi. Akagonga muhuri wa "AMEREJEA", akamsomea masharti: kumpa mkono mzazi na kumwambia pole hakuruhusiwi, kwani hakuna aliyekufa, linaloruhusiwa ni "safari njema". Matanga hayaruhusiwi. Mkeka ukikutwa umetandikwa barazani kwa kusudi hilo utachukuliwa, pamoja na barua ya onyo.

Faki akazikwa chini ya kijiti namba mia mbili na kumi na mbili. Majirani walipita nyumbani kwao wakitazama miguu yao, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na neno moja tu mdomoni, na neno lenyewe limekatazwa. Na kwa kuwa hawakujua tena ni mama wa nani, wakarudi kumwita Mashavu. Mara ya kwanza alipoitwa hivyo, sokoni, alisimama akashindwa kuitika. Jina la ujana wake lilimchoma kuliko muhuri.

*

Siku ya arobaini Bi Kirembo aliingia chumbani akiwa amevaa vizuri. Mkononi alikuwa na kanga mpya, ile aliyoinunua mtoto akiwa tumboni.

"Inuka, mwanangu. Leo siku yake."

"Siku ya nani, mama?"

"Ya mjukuu wangu. Mimi nilishamwahidi nitamtembeza, na sina desturi ya kuwadanganya watoto."

Akaikunja kanga tupu, akaibeba kifuani mkono mmoja ukiishika shingo pasipo na shingo, wakatoka. "Hiki kizingiti, baba, usijikwae. Hili jiko, lina moto. Hiyo cherehani ya mama yako, usichezee sindano." Mashavu alikuwa nyuma yake, analia kimya. Walipofika kwa jirani wa kwanza, mwanamke mwenye ulimi mrefu kuliko wote mtaani, Bi Kirembo akasimama: "Na huyu jirani yetu." Yule mwanamke akaitazama kanga, akaona hamna kitu, akaona uso wa Mashavu. "Karibu, baba," alisema. "Ukae."

Wakapita mtaa mzima hivyo, na kila mlango uliitikia, na walioitikia wakawafuata nyuma. Mwisho wa safari wakamwonyesha Faki dirisha la Ofisi ya Maana.

"Ametimiza arobaini na ametembezwa," alisema Bi Kirembo. "Mashahidi hawa hapa nyuma yangu. Mwandike."

Bwana Mtumweni akafungua sheria. Sheria ilitaka siku arobaini tangu kuzaliwa; zimetimia. Ilitaka bibi, ilitaka kanga mpya, ilitaka watatu walioitikia, walikuwako thelathini. Akatafuta mahali inaposema kwamba mtoto mwenyewe awepo, akatafuta mpaka jasho likamtoka, hapakuwapo. Waziri hakulifikiria hilo. Akagonga muhuri na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: Faki Ngwali, mtoto mchanga.

Mashavu akaushika ubao wa dirisha kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, Bwana. Sasa andika kwamba amekufa, tumhamishie mikoroshoni."

"Amekufa?" Bwana Mtumweni alishtuka kwelikweli. "Mama, huyu ni mtoto mchanga. Mtoto mchanga hafi, ni marufuku tangu sikukuu ile."

"Lakini amekufa."

"Alirejea, akiwa mgeni. Sasa ni mtoto mchanga, na kwa hiyo ni mzima. Ningeweza kusema hakutembezwa vizuri, lakini nimeshagonga muhuri kwamba ametembezwa vizuri." Akampa karatasi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hongera sana."

*

Habari zikasambaa, na mwaka haukuisha kabla wanawake wengine hawajaonekana njiani na kanga tupu vifuani, wakiwaonyesha wanao vizingiti na majiko. Wote waliandikwa. Mlezi Mkuu akalitangazia taifa kuwa idadi ya watoto wachanga sasa imeipita idadi ya waliozaliwa, jambo ambalo halijafikiwa na nchi yoyote duniani. Nishani ya pili ikaja.

Na serikali, iliyokataa kumjua Faki alipokuwa anaumwa, sasa haikumsahau hata mwezi mmoja. Ilileta kadi ya chanjo. Ilileta kadi ya kliniki iliyojazwa uzito tayari, kwa kuwa mtoto mzima hawezi kukosa uzito, na kila mwezi uzito ulipanda. Mwezi wa saba iliandikwa kuwa ameota meno mawili. Mwezi wa kumi na tatu alisimama dede. Kwa mujibu wa kadi, Faki alikuwa na afya njema kuliko watoto wote wa wilaya.

Mashavu alizitunza kadi hizo kwenye mkebe wa biskuti. Mwanzoni alizichukia. Kisha, bila kumwambia mtu, akaanza kuzingojea. Tarehe za kadi zikikaribia alikaa karibu na mlango.

"Wanakucheza shere, mke wangu," Ngwali alisema siku moja, alipomkuta anasoma. "Mtoto hayupo. Zichome moto hizo."

"Najua hayupo, baba Faki. Lakini wewe humtaji. Mama yako hamtaji tena. Mtaa mzima hakuna anayemtaja." Akazipanga kadi mkebeni. "Hawa peke yao ndio wananiletea jina lake."

Ngwali aliketi chini kando yake. Hakuzungumza tena habari ya kuchoma.

*

Mwaka wa saba ilikuja barua. Faki Ngwali anatakiwa kuripoti darasa la kwanza Jumatatu asubuhi, akiwa na sare kamili, na mzazi atakayemficha mtoto atachukuliwa hatua. Mashavu alikuwa ameshona sare za watoto wa miaka saba zisizo na idadi. Jioni ile akatandaza kitambaa cha kaki mezani, akachukua chaki, akainama. Hakuwa na kipimo hata kimoja cha mwanawe, zaidi ya unene wa kiganja kilichokuwa kikishika kidole gumba. Akakikunja kitambaa akakirudisha kabatini.

Jumatatu akaenda peke yake. Nje ya darasa la kwanza walisimama wanawake kama ishirini, wamefika bila watoto, hawatazamani. Ndani kulikuwa na mwalimu mpya, Mwalimu Raya, aliyeanza kazi siku ileile. Waraka wa Wizara ya Maana kuhusu majina yasiyo na watoto ulikuwa bado haujamfikia. Orodha yake ilikuwa na majina sitini na mawili, na mbele yake walikaa watoto arobaini na mmoja. Akafungua daftari la mahudhurio, akatupa macho kwenye orodha, akaanza. Watoto waliitika "Nipo!" kwa sauti kubwa, kila mmoja akijitahidi kumshinda mwenzake.

"Faki Ngwali."

Watoto wakatazamana.

"Faki Ngwali? Hayupo?"

"Hayupo, mwalimu," alisema Mashavu dirishani.

"Wewe ndiye mamake? Anaumwa?"

Mashavu akafungua mdomo. Miaka saba alikuwa amefundishwa maneno ya kusema: ameondoka, amerejea, mzima. "Alifariki," alisema.

"Ooh, maskini! Lini, mama?"

"Alipokuwa mtoto mchanga. Alikuwa na siku thelathini na moja."

Mwalimu Raya akaweka kalamu chini. Akatoka nje ya darasa, akasimama mbele yake, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Pole sana, mama Faki," alisema. "Pole sana."

Kisha akarudi mezani, kwa kuwa daftari halitakiwi kuwa na nafasi tupu, akaandika kwa wino mbele ya jina: *Amefariki akiwa mtoto mchanga.* Aliyaandika kama anavyoandika kila kitu, bila kujua kwamba anavunja sheria. Mashavu aliyasoma akiwa dirishani. Akakaa kwenye ngazi ya darasa, na kilio alichokikalia miaka saba kikatoka chote. Mwalimu akaendelea na jina linalofuata. Hakuitika mtoto. Mwanamke mwingine akasogea dirishani.

Wizara iliupata ukurasa ule mwezi mmoja baadaye, na hatua zilichukuliwa. Hayo yanajulikana, wala hayatubadilishii kitu hapa. Tuseme ya siku ile. Mashavu alirudi nyumbani saa tano, akauvuta mkeka wa kwanza aliouona, akautandika barazani mchana kweupe, akakaa. Ngwali alipomwona alifunga karakana akaja kukaa upande wa wanaume, akiwa bado na grisi mikononi. Bi Kirembo alitolewa ndani, amekuwa mzee sana, macho hayaoni vizuri. Aliupapasa mkeka akaelewa.

Wanawake wakaanza kuja, kutoka mtaa wao na mitaa mingine, jua la mchana likiwaka. Hakuna aliyewaambia cha kufanya. Walipofika hawakuingia moja kwa moja. Walikaa kwanza ukingoni mwa baraza, mmoja mmoja, wakajipepea kwa ncha za kanga mpaka joto la njiani likawatoka, wakapunguza sauti zao. Ndipo yule jirani mwenye ulimi mrefu akainuka, akasogea taratibu mpaka penye mkeka.

"Hodi, Mama Faki," alinong'ona, kama vile kuna aliyelala.